Lango Lilimkataa Tekla

Veneranda Margwe alikuwa ameshakata utepe, ameshapewa chupa ya maji, anasubiri kupongezwa kama mshindi yeyote, lango lilipopiga king'ora nyuma yake. Aligeuka pamoja na umati mzima. Chini ya zile nguzo mbili zenye macho ya vioo, mwisho wa barabara inayoingia Mbulu mjini, alikuwa amesimama Tekla Akonaay, mikono kiunoni, mwanga mwekundu umemfunika kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

Mwekundu! Hata watoto wa chekechea walijua maana yake. Mwizi wa mwendo huyo.

"Ni mimi?" Tekla aliuliza, akatazama nyuma yake kuona kama kuna mwingine. Hakuwapo. Alikuwa wa tatu, na wa nne alikuwa hajatokeza hata kwenye kona.

Walinzi wawili wa mbio wakamfuata, wakamwamuru apandishe suruali. Wakamshika mashavu ya miguu, wakapapasa, wakatazamana. Walikuwa wanatafuta soksi.

Maana siku zile, mtu akitaka kukimbia vizuri alikwenda dukani. Alinunua soksi za mwendo, ndefu hadi kwenye paja, zenye nyuzi nyembamba ndani, na nyuzi zile zikaanza kuifinya misuli yake mmoja mmoja: sasa wewe, subiri, sasa wewe. Baada ya miezi kadhaa alikuwa amevua mwendo wake wa kuzaliwa na kuvaa wa bingwa fulani aliyepimwa maabara. Karani asiyeweza kupanda ngazi bila kuhema alikimbia jioni kwa miguu ya bingwa wa dunia, na akajisikia vizuri sana. Wezi nao hawakulala. Soksi bandia zikazagaa, medali zikaanza kwenda kwa wasiostahili, ndipo likaundwa Baraza la Miendo na sheria yake fupi: katika mashindano, mwendo mmoja, mtu mmoja. Jina lililosajiliwa ndilo lenye mwendo. Mwingine yeyote akiukimbia, lango linawaka nyekundu, na anafungiwa maisha.

"Umezivulia wapi?" mlinzi mmoja aliuliza.

"Nimevua nini, kaka yangu? Mimi soksi hizo hata kuzishika sijawahi."

"Basi mwendo wa mwenzio umeingiaje miguuni mwako?"

Juu ya lango maandishi yakatokea, makubwa, yanasomeka hadi sokoni: MWENDO WA V. MARGWE. Veneranda aliyasoma chupa ikiwa mdomoni, maji yakamwingia puani. Watu walianza kuzomea. Mama mmoja aliyebeba mwavuli alipaza sauti, "Mtu mzima una mtoto nyumbani, huoni haya!"

Tekla alikuwa anamtazama Veneranda. Veneranda angemshukuru sana kama angemtukana.

*

Kambi ilikuwa juu ya mji, pale njia za ng'ombe zinapoupanda mlima. Njia zenyewe nyembamba, upana wa ng'ombe mmoja, na masika zinageuka tope lenye mawe chini yake. Kwa hiyo Mwalimu Dahaye, kocha, alikuwa na amri moja iliyokuwapo tangu kambi ianze: wa nyuma akanyage alama ya wa mbele. Hapo hapo, si pembeni. Aliyekanyaga pembeni aliteguka kifundo au alipigiwa kelele na Mwalimu, na wengi waliona heri kifundo.

Veneranda alifika kambini akiwa binti mdogo, anakimbia kisigino kwanza, nyonga ya kushoto imebetuka, kiwiko cha kushoto kimetoka nje. Mwalimu alimtazama akipanda mlima, akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani, nimeletewa bata!" alisema. Jina likamganda. Siku hiyohiyo alimweka nyuma ya Tekla, ambaye ndiye aliyekuwa na mwendo mzuri kuliko wote. "Usiniulize maswali," alimwambia. "Mtazame huyo, kanyaga anapokanyaga, utapona."

Akapona. Miaka sita alikula vumbi la Tekla na kurukiwa na matope ya Tekla. Kidogo kidogo mguu wake ukaacha kutangulia mbele ya mwili, ukaanza kutua chini ya nyonga, laini, bila kishindo. Mwili ukajifunza kuinama kuanzia kwenye vifundo, si kiunoni. Hatua zikawa fupi na za haraka, viwiko vikarudi nyuma badala ya kukata kifua, vidole vikalegea. Siku moja Mwalimu alifumba macho wanawake wale wawili wakipita, akasikia miguu ya mtu mmoja tu. Aliisimulia habari hiyo mji mzima.

Kisha Tekla akaolewa Babati, akapata mtoto, akapumzika mbio. Ndipo wapimaji wa miendo walipokuja kambini. Walimkuta Veneranda ndiye wa mbele, wakamchukua, wakambandika vipimo mwili mzima, wakamkimbiza peke yake juu ya mashine. Wakashangaa. Walisema hawajawahi kuona mtu anayetumia nguvu kidogo hivyo kwa kasi kubwa hivyo. Jina lake likasajiliwa, na mwaka huo huo watu wa nchi asizozijua walikuwa wanakimbia kwa mwendo wa Margwe.

Sasa Tekla alikuwa amerudi, mbio zake za kwanza tangu ajifungue, na lango limemwita mwizi.

Asubuhi ya pili Veneranda alimkuta Mwalimu jikoni anasonga ugali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Macho hayo hayakulala. Chukua bakuli, maziwa ya mgando yale pale."

Hakuchukua bakuli. "Mwalimu, mwendo ule ni wa Tekla."

Mwiko ulisimama, kisha ukaendelea. "Nani kakwambia?"

"Unajua wewe. Wewe ndiye uliyeniweka nyuma yake."

"Hebu nikuulize. Mwalimu wa darasa la kwanza alikuandikia herufi ubaoni, ukaiga. Leo mwandiko wako ni wa kwake? Eh? Mwendo ule umeutolea jasho wewe. Ulitapika mlima ule nikikuangalia. Tekla alikuwa kwao ananyonyesha, wewe uko kwenye mvua unarekebisha kiwiko. Usinifanye nikasirike asubuhi."

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo pagumu. Hakuwa ameiba. Alikuwa amejifunza kwa namna ileile ambayo kila mtu pale kambini alijifunza, na aliongeza mengine mwenyewe, hasa jinsi ya kuushikilia mwendo mwili ukiwa hoi. Usiku kucha alikuwa amejiambia hivyo. Lakini kila alipofika mwisho wa hoja alimwona Tekla amesimama kwenye ule mwanga.

"Mwandiko wangu haujamzuia mwalimu wangu kuandika," alisema.

Mwalimu akaweka mwiko chini. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukilisema hilo, timu ya taifa unaikosa. Na mwendo ule hutaukimbia tena kwenye mashindano maisha yako yote. Utakimbia kwa nini, binti yangu? Kwa magoti?"

Mlangoni mtu alikohoa. Alikuwa Tekla, mtoto mgongoni, amekuja kuchukua viatu vyake.

"Mama Eli," Veneranda alianza.

"Leo usiniite Mama Eli." Tekla aliinama, akavuta viatu vyake chini ya benchi, akavipiga tope likadondoka. "Nikuulize moja tu, halafu niende. Walipokupima, wakashangaa, wakakusifu. Uliwaambia umejifunza wapi?"

"Hawakuniuliza."

"Na wewe hukusema."

"Nilidhani ni wangu, Tekla. Haki ya Mungu nilidhani ni wangu."

"Bado unadhani?"

Mtoto alipiga chafya mgongoni. Mwalimu alijifanya anaangalia moto.

"Hapana," Veneranda alisema. "Twende Barazani. Leo hii, kabla sijaogopa."

*

Bi. Mkude wa Baraza la Miendo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyedanganywa mara nyingi, na ilimwonekana usoni. Aliwasikiliza wote watatu mpaka mwisho, kalamu haijagusa karatasi.

"Mmemaliza?" aliuliza. "Haya. Mwezi jana walikuja ndugu wawili wakalia hapo hapo mlipokaa, mmoja anamwokoa mwenzake. Soksi tulizikuta kwenye begi la mama yao. Kwa hiyo mama zangu, maneno sipokei. Tunapokea lango."

Akawaeleza, na alieleza vizuri. Mwendo wa kujifunza umekaa juu ya mwendo wa utotoni, na wa utotoni haufi. Mwili ukichoka mpaka kwenye mfupa, ule wa kujifunza unabanduka, wa chini unatokeza. Mwenye mwendo hana cha kubanduka. Basi wangekimbia wawili uwanjani, mzunguko baada ya mzunguko, lango likiwapima kila wakipita. Kijani, mwendo umeshikamana. Njano, unayumba. Atakayepata njano tatu mfululizo ndiye muigaji.

"Na mtu akijifanya amebanduka?" Mwalimu aliuliza.

"Kujifanya kunaonekana mara moja, mzee wangu. Mtu akiigiza, hatua ya kwanza inakwenda hivi, ya pili vile. Mwendo wa kweli, hata uwe mbaya vipi, hatua zake zinafanana. Lango linajua." Kisha akamgeukia Tekla. "Nawe elewa. Ukibanduka wewe, kufungiwa kunabaki pale pale."

"Naelewa."

"Nawe Margwe, ukibanduka, jina linafutwa na timu basi."

"Hayo ndiyo niliyoyafuata," Veneranda alisema. Aliamini ingekuwa rahisi. Angekimbia tu kwa nguvu zake zote, achoke, mwili useme wenyewe.

*

Walianza jua likiwa limeshapanda, uwanja mtupu, Bi. Mkude mezani kando ya lango na ubao unaomchorea mistari ya hatua zao, Mwalimu Dahaye kwenye jukwaa la saruji na mtoto wa Tekla mapajani. Tekla alishika njia ya ndani. Veneranda alikuwa nje yake, bega kwa bega. Mizunguko ya mwanzo lango liliwapa kijani wote wawili, kijani kilekile, na Bi. Mkude alisikika akisema, "Loh." Miguu minne ilikuwa inatoa mlio wa miwili.

Waliongeza kasi. Jua likapanda zaidi. Veneranda aliisikia miguu ikianza kuwaka, akafurahi, akasubiri mwili wake umsaliti.

Haukumsaliti. Kila uchovu ulipomfikia, kitu ndani yake kilifanya kazi kiliyofundishwa: mabega chini, pumzi tumboni, vidole vilegee, hatua fupi. Kijani. Alichoka zaidi. Kijani tena. Miaka yote ile ya kupanda mlima kwenye mvua alikuwa anajifunza jambo moja tu, kutobanduka, na alikuwa amelijifunza vizuri mno.

Kisha alisikia mguu wa Tekla.

Ulikuwa mguu wa kulia, na ulikuwa unachelewa kidogo sana. Mtu mwingine asingesikia. Yeye alikuwa amekimbia nyuma ya mguu ule miaka sita. Alitupa jicho, akaona nyonga ya kulia ya Tekla inashuka kila anapotua, na akaelewa papo hapo. Uzazi. Mwili uliobeba mtoto na kumtoa ulikuwa haujakaza tena, na ukichoka unalegea palepale. Mwendo ulikuwa wake, lakini nyonga ilikuwa imerudi nusu.

Lango likawaka njano kwa Tekla.

"Tekla, punguza!" Veneranda alisema, anahema.

"Kimbia huko!" Tekla alijibu, meno yameumana. Machozi na jasho vilikuwa vimechanganyika, na hakupunguza hata kidogo.

Njano ya pili.

Ulibaki mzunguko mmoja. Veneranda alijua kwamba asipofanya lolote, kama angeendelea tu kukimbia vizuri kama alivyofundishwa, lango lingempa haki yote. Mwendo ungekuwa wake kwa uthibitisho wa kisayansi. Asingekuwa amesema uongo hata kidogo. Angerudi nyumbani akiwa ametimiza wajibu wake, na Tekla angebaki mwizi hadi kaburini. Ubaya wa jambo hili ulimpiga kifuani, akaona hasira, na hasira ile ilikuwa nzuri.

Akajaribu kuharibu mwendo. Alirusha mguu mbele, hatua moja ikawa ndefu, nyingine fupi, akajikwaa. Bi. Mkude akanyanyua kichwa. "Margwe! Naona unaigiza!"

Mungu wangu. Yuko wapi Bata? Alimtafuta kwenye visigino, hakumkuta. Alimtafuta kwenye kiwiko, kiwiko kilirudi nyuma kwa adabu, kama kilivyofundishwa. Walikuwa wameingia kwenye kona ya mwisho kabla ya lango.

Ndipo alipomsikia mtoto wa Tekla analia jukwaani, na mkono wake wa kushoto ukajikunja wenyewe.

Alikuwa na mdogo wake, Gwandu, mtoto mzito, asiyetaka kutembea. Mama akienda shamba, Gwandu alikuwa wa Veneranda, na Veneranda hakuwahi kutembea akiwa na haraka. Alikimbia, Gwandu juu ya nyonga ya kushoto, mkono umemzungushia, kisigino kinachimba ardhi ili asimwangushe. Alikimbia hivyo kwenda mtoni, kwenda kanisani, kwenda kuangalia mbio za wakubwa. Hapo ndipo alipojifunzia kukimbia, kabla ya Mwalimu, kabla ya Tekla.

Akambeba Gwandu. Mbele ya Bi. Mkude na lango lake, mwanamke mzima alikunja mkono akamshika mtoto asiyekuwapo, akabetua nyonga, na visigino vyake vikapiga ardhi. Puu, puu, puu. Kilikuwa kishindo kibaya, na kilikuwa kishindo kilekile kila hatua.

Lango lilisita. Likamwakia njano.

Kwa Tekla likawaka njano pia, ya tatu, na Bi. Mkude alikuwa ameshanyanyua mkono kusimamisha jaribio. Kisha akautazama ubao wake, na mkono ukabaki hewani.

"Endeleeni," alisema.

"Mama, si umesema tatu?" Mwalimu alifoka, hofu ikimkaanga.

"Nimesema endeleeni, mzee. Kaa chini."

Walizunguka tena. Tekla alikuwa njano, mwendo wake uleule unayumba upande mmoja. Veneranda hakuwa na rangi kabisa. Kwenye ubao mwendo wa Margwe haukumhusu tena, na mistari ya hatua zake ilipangana mmoja juu ya mwingine bila kupishana. Mzunguko uliofuata vilevile. Aliulegeza mkono, Gwandu akashuka, na mwendo ukabaki. Na jambo la ajabu, misuli aliyokuwa anaitumia sasa ilikuwa imelala asubuhi nzima, haijachoka. Akasogea mbele ya Tekla. Kwa mwendo wake mwenyewe hakuwahi kuwa mbele ya Tekla maisha yake yote. Jukwaani Mwalimu Dahaye alivua kofia, akaiweka kwenye kichwa cha mtoto, akaanza kulia waziwazi.

"Basi!" Bi. Mkude aliita. "Basi, mama zangu, pumzikeni."

Walianguka kwenye majani. Bi. Mkude aliwajia taratibu, ubao kifuani.

"Akonaay, wako unayumba ila ni mmoja, juu hadi chini. Hauna mwingine chini yake. Mwendo ni wako, na kwa niaba ya Baraza nakuomba radhi." Akamgeukia Veneranda, na hapo ukali wake wote uliondoka. "Margwe, wewe ulikuwa na uwezo wa kushinda hili jaribio. Nimeliona. Nafuta jina lako, na timu ndiyo imekwenda."

"Najua."

"Huu mwingine je? Tuusajili?"

Veneranda alikifikiria kile kishindo. Nyonga ile ingeweza kukazwa. Kisigino kingeweza kusogezwa nyuma kidogo, chini ya mwili, bila kumuua Bata. Mikono iliyolegea alikuwa nayo, pumzi alikuwa nayo. Vitu hivyo hakuna aliyevisajili. Kazi ya miaka, ndiyo. Miaka alikuwa nayo.

"Bado," alisema. "Niache kwanza niutengeneze."

*

Siku mvua ya kwanza ya masika iliponyesha walirudi kwenye njia ya ng'ombe. Tekla alitangulia, kwa mazoea tu, nyonga imefungwa mkanda aliopewa na mkunga. Veneranda akafuata. Mbele yake, kwenye tope, alama za Tekla zilikuwa zinajipanga moja baada ya nyingine, safi, zimejaa maji, zinamngoja.

Mguu wake ulikwenda wenyewe kwenye alama ya kwanza. Akauzuia. Akakanyaga pembeni, kwenye majani, akateleza, karibu aanguke, akakanyaga tena.

"Alama!" Mwalimu Dahaye alifoka kutoka chini, sauti ileile ya miaka yote. "Nani huyo anakanyaga pemb..."

Akaona ni nani. Tekla alikuwa amegeuza shingo, anacheka, na amesogea ukingoni mwa njia ili kuwe na nafasi ya watu wawili.

"Haya, Bata!" Mwalimu aliita. "Kiwiko hicho, kiwiko! Unafukuza kuku?"

Veneranda alikilegeza kiwiko, akaongeza hatua, akapanda mlima.